Kanuni ya kutokuwa na hakika: jinsi ya kuiona ukutani kwa leza na nyembe mbili

Kanuni ya kutokuwa na hakika hufundishwa mara nyingi kama fumbo. Ukijua chembe iko wapi, hujui inakwendaje. Basi, ubao unafutwa na darasa linaendelea. Mwanafunzi anabaki na maneno matupu. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuiona kanuni hiyo ukutani, katika chumba cha kawaida cha Nairobi, kwa leza ndogo, nyembe mbili na karatasi ya kuchapia, kisha kupiga hesabu mpaka namba zitoke. Aliyesoma mawimbi Kidato cha Tatu na athari ya fotoelektriki Kidato cha Nne tayari ana msingi wote unaohitajika.

Tuanze na jina, maana ndilo linalopoteza wengi. Neno "hakika" linamfanya mtu afikiri kasoro iko kwetu: kwamba chembe ina mahali pake kamili na mwendo wake kamili, ila vipimo vyetu ni hafifu. Sivyo. Wajerumani, ndugu zake Werner Heisenberg aliyeiandika kanuni hii mwaka 1927, huiita Unschärferelation, na Unschärfe ni kukosa makali, kama picha iliyopigwa mkono ukitikisika. Shika wazo hilo la makali. Ukiyanoa makali ya mahali, makali ya momentamu yanakuwa butu. Ukinoa ya momentamu, mahali panakuwa butu.

Kwa alama huandikwa hivi:

Δx · Δp ≥ ħ/2

Δx ni kiasi ambacho mahali pametanda, na Δp ni kiasi ambacho momentamu imetanda. Momentamu ya kitu chenye masi ni masi mara kasi. Ya fotoni, yaani chembe ya mwanga, ni h gawanya kwa urefu wa wimbi. h ni namba ya Planck, 6.62607015 × 10⁻³⁴ jouli-sekunde, na ħ ni h gawanya kwa 2π, takriban 1.055 × 10⁻³⁴. Heisenberg alitoa makadirio. Umbo hili kamili lenye ≥ ħ/2 lilithibitishwa na Earle Hesse Kennard mwaka huohuo wa 1927. Jambo moja ambalo vitabu hulipita haraka: mahali na momentamu vinavyofungwa pamoja ni vya upande mmoja. Mahali pa kulia na kushoto panafungamana na momentamu ya kulia na kushoto. Juu na chini ni habari nyingine kabisa, na utaliona hilo kwa macho yako.

Vifaa

Leza nyekundu ya mkononi, ile ya kuonyeshea ubaoni, inapatikana katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue na River Road. Soma kibandiko kabla ya kulipa. Unataka leza yenye urefu wa wimbi wa takriban 650 nm (nanomita) na nguvu isiyozidi 1 mW. Kibandiko kikisema 630–680 nm, huo ni mpaka ulioruhusiwa, si kipimo cha leza yako. Tumia 650 na ukubali kukosea kwa hadi asilimia 5. Leza za kijani za bei rahisi ziache dukani. Nyingi hutengeneza kijani chake kutokana na mwanga wa infraredi wa 1064 nm, na infraredi hiyo ikivuja, jicho halioni kitu cha kulifanya lifumbe.

Nunua pakiti ya nyembe za pande mbili kutoka kioski chochote. Tafuta kadi ngumu, selotepu, mkanda mweusi wa fundi wa umeme, futikamba, rula ya milimita, kibanio cha nguo na kipande cha karatasi ya A4 ya gramu 80. Karatasi hiyo ndiyo itakayokupimia mwanya, kwa hiyo ipime kwanza. Ingia saiba yoyote, uombe kupima kimo cha rimu nzima ya karatasi 500 huku ukiibana kidogo kwa kiganja ili hewa itoke. Ukipata 51 mm, gawanya kwa 500: kila karatasi ni 0.102 mm. Usiruke hatua hii na kuandika tu 0.1 kwa sababu umeisoma hapa. Bila kipimo cha upana kinachosimama peke yake, hesabu yote itakuwa mduara unaojithibitisha wenyewe.

Kuhusu usalama, usitazame ndani ya leza, usiipige kwenye kioo, na usiielekeze angani hata kwa mchezo. Wakazi wa South C na Lang'ata wanajua jinsi ndege za uwanja wa Wilson zinavyopita chini.

Kutengeneza mwanya

Kazi hii ndiyo yenye uvumilivu. Zilizobaki ni nyepesi. Kata tundu la sentimita moja kwa moja katikati ya kadi. Laza wembe wa kwanza ili makali yake yapite katikati ya tundu, uubandike kwa selotepu kwenye ncha zote mbili. Sasa chukua ukanda wa karatasi, uusimamishe kwa upana wake kando ya makali, kama ukuta mdogo. Sukuma wembe wa pili kutoka upande mwingine mpaka makali yake yaguse karatasi. Yaguse tu, yasiibane. Bandika ncha zake, kisha vuta karatasi kwenda juu polepole.

Inua kadi uitazame dhidi ya balbu. Utaona uzi wa mwanga. Kama uzi ni mnene juu na mwembamba chini, nyembe hazikulala sambamba. Bandua moja uanze tena. Usijifariji kwamba tofauti ni ndogo, kwa sababu katika upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hata tofauti ya unywele ni kubwa. Mwisho, wembe wa pande mbili una nafasi wazi katikati yake. Izibe kwa mkanda mweusi, la sivyo mwanga utapita hapo na kuchafua picha yote.

Kupanga na kutazama

Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hivyo kuanzia saa moja usiku chumba kiko tayari. Siku stima ikipotea ndiyo nzuri zaidi. Weka leza juu ya rundo la vitabu, bana kitufe chake kwa kibanio cha nguo ili iwake bila kushikwa, na simamisha kadi sentimita 20 mbele yake. Ukuta uwe mita 3 kutoka kwenye mwanya. Chumba kikiwa kifupi, fungua mlango utumie korido. Bandika karatasi nyeupe ukutani utakapochorea.

Washa leza kwanza bila kadi: nukta moja nyekundu. Kisha weka kadi, mwanya ukiwa wima, mwanga uugonge katikati. Nukta inageuka mstari mrefu unaokwenda kulia na kushoto, uliokatwakatwa na giza. Katikati kuna baka pana linalong'aa, na hilo peke yake hubeba takriban asilimia 90 ya mwanga wote uliopita. Pembeni kuna mabaka madogo yenye nusu ya upana wake, yakififia kadiri yanavyokwenda mbali.

Kaa hapo kidogo, usikimbilie rula. Mwanya wako ni wima, tena umeubana mwanga kulia na kushoto peke yake. Nao mwanga umetawanyika kulia na kushoto peke yake. Juu na chini uko kama ulivyokuwa. Zungusha kadi robo duara: mstari wote ukutani unasimama wima. Upande uliobanwa ndio upande uliotawanyika. Sasa legeza wembe mmoja, uusogeze karibu zaidi huku ukitazama ukuta. Akili ya kawaida inatarajia mwanya mwembamba utoe alama nyembamba. Alama inapanuka. Hapo umeshaiona kanuni kabla ya kuandika hata namba moja.

Kupima

Rudisha mwanya wa karatasi moja. Usipime baka la katikati, kwa sababu kingo zake zinayeyuka na kila jicho litaziona mahali tofauti. Pima giza. Weka alama ya penseli katikati ya kila mstari wa giza, mitatu kushoto na mitatu kulia. Kisha pima kutoka giza la tatu la kushoto hadi giza la tatu la kulia na ugawanye kwa 6. Giza la kwanza liko umbali mmoja kutoka katikati, la pili umbali wa mara mbili, la tatu mara tatu, kwa hiyo mgao huo unakupa umbali mmoja huku kosa la penseli likipungua mara sita.

Kwa mwanya wa 0.10 mm, ukuta wa mita 3 na leza ya 650 nm, tarajia 19.5 mm. Kwa karatasi mbili, 0.20 mm, tarajia nusu yake, 9.75 mm. Kwa 0.05 mm, 39 mm. Kanuni ya mawimbi inayotoa namba hizi ni sin θ = λ/a, ambapo θ ni pembe ya giza la kwanza kutoka katikati, λ ni urefu wa wimbi na a ni upana wa mwanya, na kwa pembe ndogo kama hizi sin θ ni umbali huo gawanya kwa umbali wa ukuta.

Kupiga hesabu

Tuchukue mfano. Karatasi imepimwa 0.102 mm. Giza la tatu hadi la tatu ni 124 mm, gawanya kwa 6 ni 20.67 mm. Ukuta uko mita 3.

sin θ = 0.02067 ÷ 3 = 0.00689

Momentamu ya fotoni: p = 6.626 × 10⁻³⁴ ÷ 650 × 10⁻⁹ = 1.019 × 10⁻²⁷ kg·m/s

Momentamu ya pembeni: Δp = p × sin θ = 7.02 × 10⁻³⁰ kg·m/s

Zidisha kwa upana wa mwanya: 1.02 × 10⁻⁴ × 7.02 × 10⁻³⁰ = 7.16 × 10⁻³⁴ J·s

Kwa kuwa a × sin θ = λ na p = h/λ, zao hili linatarajiwa kuwa h. Jibu hili limezidi h kwa asilimia 8. Sababu inayowezekana zaidi ni kwamba makali ya wembe yameuma karatasi. Ukirudi nyuma kutoka kwenye giza, utaona mwanya halisi ni 0.094 mm, si 0.102, nyembe zimezama karibu mikroni 8 ndani ya karatasi. Rudia kwa karatasi mbili. Wembe utauma vilevile, lakini kosa litakuwa sehemu ndogo zaidi ya upana, na jibu litasogea karibu na h. Lisiposogea, shuku urefu wa wimbi wa leza.

Rudia kwa mapana matatu au manne uyapange kwenye jedwali. Upana utabadilika, kutawanyika kutabadilika, lakini zao lao litabaki palepale.

Swali linalofuata huulizwa kila mara: kanuni inasema ħ/2, sisi tumepata h, ambayo ni kubwa kwa 4π, yaani mara 12.6. Je, tumekosea? Hapana. Alama ≥ inasema zao haliwezi kushuka chini ya hapo, haisemi lazima lifike hapo. Pia vipimo vyetu vya "upana" si vile vya Kennard. Yeye alitumia mkengeuko sanifu wa takwimu, sisi tumetumia upana mzima wa mwanya na umbali hadi giza la kwanza. Ukitaka kuwa mkali, mkengeuko sanifu wa mahali ndani ya mwanya ni a gawanya kwa √12, takriban 0.29a. Lakini wa momentamu, kwa mwanya wenye kingo zilizokatwa wima kabisa, hauna kikomo, kwa sababu yale mabaka ya pembeni hufifia polepole mno. Umbo linalogusa ħ/2 barabara ni lile la kengele, la Gauss, lisilo na kingo. Ndiyo sababu walimu wengi huandika Δx · Δp ≈ h kwa jaribio la mwanya, na ni sawa, mradi waseme wanapima nini.

Yanayoharibika na sababu zake

Hakuna mistari ya giza, kuna ukungu mwekundu tu: mwanya ni mpana mno, au mwanga unapita pembeni mwa wembe. Kuna umbali ambao kabla yake picha haijajipanga, nao ni takriban a² gawanya kwa λ. Kwa 0.1 mm ni sentimita 1.5, hivyo mita 3 ni mbali sana na unatosheka. Kwa mwanya wa milimita moja ni mita 1.5, na hapo hutaona kitu cha maana hata chumba kiwe giza namna gani.

Mistari ya giza imeinama au imepanuka upande mmoja: mwanya una umbo la V. Mabaka ya kulia yanang'aa kuliko ya kushoto: kadi haikutazama leza sawasawa, au kuna vumbi kwenye makali. Puliza, usifute kwa kidole.

Jibu limekuwa mara mbili ya inavyotakiwa: umepima giza la kwanza la kushoto hadi la kwanza la kulia na kusahau kugawanya kwa 2. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Jibu limekosea kwa maelfu: nanomita au milimita hazikugeuzwa kuwa mita. Na ukitumia kitufe cha sin kwenye kikokotoo kwa pembe uliyoipata kama uwiano, hakikisha kiko kwenye rediani.

Je, hii ni kwanta kweli?

Ni haki kuuliza kama hii ni fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama fotoni na elektroni. Mawimbi ya maji pia hutawanyika yakipita mwanyani, na hakuna h ndani yake. Ukweli ni kwamba nyembe na leza vimethibitisha a × sin θ = λ tu; h tuliiingiza sisi wenyewe tulipoandika p = h/λ. Jaribio hili peke yake halipimi h, na mwongozo unaosema linapima unakudanganya.

Kinacholifanya liwe la kwanta ni mambo mawili. La kwanza, picha hutokea hata chembe zikipita moja moja. Leza ya 1 mW hutoa fotoni kama 3.3 × 10¹⁵ kwa sekunde, kwa hiyo ukutani kwako zinasongamana. Lakini mwaka 1909 G. I. Taylor alipiga picha ya kivuli cha sindano kwa mwanga hafifu mno, moja ikichukua takriban miezi mitatu, na mistari ilikuwa palepale. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake walifanya hivyo kwa elektroni, moja baada ya nyingine: nukta moja, nukta ya pili, mpaka mistari ikajichora. Kila chembe hutua kwenye nukta moja tu, lakini mgawanyo wa nukta hizo unafuata wimbi.

La pili ni kwamba p = h/λ ni kweli kwa mwanga na kwa masi pia. Louis de Broglie alilipendekeza mwaka 1924, na mwaka 1927 Davisson na Germer nchini Marekani, na G. P. Thomson nchini Uingereza, wakaonyesha elektroni zikitawanyika kwenye fuwele na kwenye utando wa metali.

Anayetaka h yake mwenyewe anunue taa ndogo za LED za rangi tatu au nne, betri tatu za AA, rizista ya omu 330, potenshiometa ya kilo-omu 1 na multimita. Tazama LED kupitia bomba la karatasi nyeusi, ongeza volti polepole, andika volti ambayo mwanga unaanza kuonekana. Kwa makadirio, h ≈ eVλ/c, ambapo e ni chaji ya elektroni, V ni volti hiyo na c ni kasi ya mwanga. LED nyekundu ya 630 nm ikianza kwenye volti 1.8, unapata 6.06 × 10⁻³⁴. Asilimia 10 au zaidi ya kosa ni kawaida, kwa sababu jicho lako ndilo linaloamua lini "imewaka".

Kosa la kufikiri, si la kupima

Utasikia kwamba elektroni haina mahali kamili kwa sababu ukiimulika ili uione, fotoni inaigonga na kuisukuma. Maelezo hayo yalitoka kwa Heisenberg mwenyewe, katika mfano wake wa darubini ya miale ya gama, na Niels Bohr aliyakosoa mapema, hata Heisenberg akaongeza nyongeza mwishoni mwa makala yake. Kupima kunasumbua, ndiyo, na jambo hilo lina hesabu yake tofauti. Masanao Ozawa aliiandika upya mwaka 2003. Lakini tazama tena ukuta wako. Hakuna aliyeigonga fotoni. Haikupimwa mpaka ilipofika kwenye karatasi. Mwanya ulibana mahali, na tayari momentamu ikatanda. Hata kwenye mawimbi, wimbi fupi lililokusanyika mahali pamoja haliwezi kuwa na urefu mmoja tu. Lazima lijengwe kwa urefu mwingi uliochanganyika.

Kwa vitu vikubwa na vidogo

Punje ya mahindi ya gramu 0.3, mahali pake pakijulikana kwa mikroni moja: Δv ya chini kabisa ni 1.8 × 10⁻²⁵ m/s. Kwa kasi hiyo ingechukua takriban miaka milioni 18 kusogea upana wa atomu moja. Ndiyo maana hakuna muuza mahindi anayeihitaji kanuni hii.

Elektroni iliyobanwa ndani ya 0.1 nm, ukubwa wa atomu, ni jambo jingine: Δp = 5.27 × 10⁻²⁵, gawanya kwa masi yake 9.109 × 10⁻³¹ kg, unapata kilomita 580 kwa sekunde. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ni fupi kuliko hiyo.

Na hapa kanuni inafanya kazi yake kubwa. Protoni huivuta elektroni. Kwa nini isianguke ndani? Weka elektroni kwenye nusu-kipenyo cha 0.053 nm na ukadirie momentamu yake kuwa ħ/r. Nishati ya mwendo ni 13.6 eV (elektroni-volti, kipimo kidogo cha nishati), ya mvuto ni −27.2 eV, jumla −13.6. Ibane mpaka nusu ya hapo: mvuto unakuwa maradufu, −54.4, lakini mwendo unakuwa mara nne, 54.4, jumla sifuri. Iachie mpaka mara mbili: mwendo 3.4, mvuto −13.6, jumla −10.2. Ukibana, nishati inapanda. Ukiachia, inapanda pia. Elektroni inatulia pale katikati, kwenye 0.053 nm, na huo ndio ukubwa wa atomu ya haidrojeni.